Mzigo wa Kwanza wa Kwodi ya Mama

Karani wa kituo cha majani hakumkaripia mama. Ingekuwa afadhali angemkaripia. Alichota majani kwa mikono miwili kutoka kwenye gunia, akayapeleka puani, akafumba macho, kisha akayarudisha polepole na kulifunga gunia mdomo.

"Mama, kwa macho hii chai iko sawa kabisa," alisema. "Majani mawili na kichipukizi, hakuna kitu imekomaa. Lakini inanuka oili. Nikiipeleka kiwandani wataniuliza kama nilinunua chai ama nilinunua gereji."

Wakulima waliokuwa kwenye foleni walicheka. Karani mwenyewe hakucheka. Alikuwa kijana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwani kufanya kazi katika shamba kubwa la chai, na alimheshimu mama kwa sababu siku zote alileta majani safi. Mama alilibeba gunia, akalirudisha kwenye kwodi, akaniambia twende. Nikaiwasha. Ikatema moshi wa buluu mbele ya wote, na mtu mmoja nyuma akauliza kama tunapika githeri humo ndani.

Kwodi yetu ni pikipiki ya magurudumu manne mapana, yenye kichanja cha chuma nyuma cha kubebea mzigo. Zamani ilikuwa ya msimamizi wa shamba moja kubwa, akizunguka nayo kukagua wachumaji. Ilipochakaa iliuzwa pamoja na vitu vingine vikuukuu, na mama akainunua kwa bonasi yake ya chai. Mwaka huo majirani walinunua makochi na ng'ombe. Yeye alikuja nyumbani akiendesha chuma kilichofifia rangi, amevaa sketi ya kanisani na gambuti. Walimcheka mpaka mvua zilipoanza. Hapo waliiona ikipanda kutoka mtoni na magunia yake yote, huku wao wakipanda wakishika nyasi, na kicheko kikapungua.

Shamba letu la mtoni liko chini ya nyumba, kwenye mteremko ambao ukiangusha sufuria hapo juu utaifuata majini. Kila shina la chai pale mama alilipanda kwa mkono wake, baba akiwa hai na hata baada ya baba kuaga. Ndilo shamba linalotulisha. Lile dogo la juu, kando ya barabara, linatosha sukari na sabuni.

Kwa hiyo kwodi ilipoanza kula oili na kuitema kwenye majani, hatukupoteza usafiri tu. Mama alirudia kubeba majani mgongoni, na nyonga yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilibeba pia, lakini mtu mmoja na nusu hawawezi kulimaliza shamba lile. Wachumaji walikataa kushuka. "Sisi tunalipwa kuchuma," mmoja wao alituambia bila ubaya, "si kupanda mlima na gunia kama punda." Majani ya mtoni yakaanza kukomaa, magumu na meusi, ya kutupa.

Ndipo baba mdogo akaja.

Baba mdogo ni ndugu ya marehemu baba. Si mtu mbaya, na nalisema hilo kwa shida. Alisimama kwenye ukingo wa uwanja wetu, akatazama chini mtoni, akatoa hesabu yake.

"Shemeji, hiyo chai ya chini tung'oe mvua ikishika. Tupande miti ya blugamu. Kiwanda kinanunua kuni kila siku, na mti haubebwi kila wiki. Unaukata mara moja, lori linakuja."

"Lori litafika wapi huko chini?" mama aliuliza.

"Hiyo ni maneno ya baadaye. Sasa ni mguu wako."

Hakungoja jibu. Kuna mtu anayeotesha miche kule kando ya mto. Kufikia wiki iliyofuata baba mdogo alikuwa ameinunua na kuipanga kwenye mpaka wa shamba letu, chini kabisa, mirija myeusi ya plastiki iliyojaa udongo na miti midogo ya rangi ya kijivu. Kila nikishuka kubeba majani niliiona imesimama pale ikingoja.

Nilimfuata nikamwambia: "Baba mdogo, nitatengeneza kwodi. Tupe mpaka mvua ishike."

"Tukupe mpaka mvua." Alinitazama mikono. "Kijana, wewe hata kufunga mlango wa choo unarudi kuangalia kama umefunga."

Ni kweli. Narudi. Afadhali niseme hapa mimi ni mtu wa aina gani, kwa sababu sikwenda chuo chochote cha ufundi na hakuna karatasi itakayonisemea. Nilijifunza kwa kufungua redio ya mama, kisha pampu ya kunyunyizia dawa, kisha msumeno wa jirani, nikitazama video kwenye simu na kusoma vitabu vya mafundi nilivyovipakua. Mtu akinitazama nikishika spana, kiganja hutoa jasho. Nikikaza bolti, nailegeza niikaze tena, nikiogopa nimeikaza vibaya. Niliwahi kulia kwa sababu ya nati iliyoharibika nyuzi zake. Hofu hiyo haijawahi kuniacha. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama mbele ya baba mdogo na macho yake juu ya mikono yangu, niligundua kwamba naweza kuogopa na bado nikakataa.

"Mpaka mvua ishike," nilirudia.

"Haya," alisema. "Mvua haina ukoo na wewe."

Nilitandaza turubai kwenye kibanda cha maziwa, nikaifungua injini. Pistoni ilikuwa imelegea ndani ya silinda kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha mzazi. Ringi zake, zile duara nyembamba zinazozuia oili isipande kuungua, zilikuwa zimelika. Hapo ndipo oili ilipopita, na hapo ndipo mimi ningeizuia.

Niliifunga silinda kwa gunia nikaipeleka mjini Litein, kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Aliigeuza mara moja tu mkononi.

"Tupa," alisema. "Kila mtu mwenye hizi kwodi anaweka injini ya boda. Niko nayo hapo, imetoka kwa ajali lakini iko safi. Kesho uko mlimani."

"Iko na rivasi?"

"Rivasi ya nini? Wewe unataka kurudi nyuma kwa maisha?"

Vijana wa boda waliokuwa wamekaa kwenye tairi walicheka vizuri sana.

"Nataka kurudi nyuma mpaka kwenye jiwe," nilisema.

"Jiwe gani?"

Nikamweleza. Njia yetu ya mtoni inapita katikati ya chai, na upana wake ni kwodi na kiganja kimoja kila upande. Chini hakuna pa kugeuzia. Unashuka umeelekea mtoni, unapakia, kisha unarudi kinyumenyume mpaka penye jiwe kubwa, ndipo unapata nafasi ya kugeuka. Injini ya boda haina gia ya kurudi nyuma. Ningeiweka, ningeshuka nayo mara moja, na huo ungekuwa mwisho wake, ikae huko na miche ya baba mdogo.

Fundi aliacha kucheka. "Basi leta pistoni kubwa kidogo," alisema. "Nitaichonga silinda ifuate pistoni."

Pistoni ilikuja kwa parseli kutoka Nairobi. Aliichonga silinda vizuri, na ndani akaacha mikwaruzo midogo iliyopishana, kama paka amepita na kucha zake akienda na kurudi. Akaniambia nisiiguse ile mikwaruzo, ndiyo inayoshika oili na kuzipa ringi mahali pa kujinoa.

Nilirudi nyumbani nikaanza kuunda. Niliosha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki. Baba mdogo alipita akanikuta nikisugua mfuniko wa valvu.

"Kijana, hiyo ni injini ama ni meno?"

"Ni meno," nilimjibu. "Inataka kuuma mtu."

Mama, aliyekuwa akikamua, alijificha nyuma ya ng'ombe ili shemeji yake asimwone akicheka.

Ilipowaka mara ya kwanza nilikaa chini kwenye matope nikitazama bomba la moshi. Sauti ilikuwa nzito na safi. Hakuna moshi. Mama alitoka na ndoo, akasikiliza, akasema, "Hiyo ni ile niliyonunua," akarudi kwa ng'ombe wake.

Kisha nikafanya kosa ambalo kila mtu wa kwetu angelifanya, na wengi wangenisifu kwa kulifanya. Nikailainisha.

Kwetu, mtu akinunua boda mpya haiendeshi kwa nguvu. Anaambiwa ailainishe. Anakwenda nayo kanisani na kurudi polepole, hambebi mtu, anaionea huruma vile tunavyomwonea huruma mtamba aliyezaa mara ya kwanza, unamsemesha, unamshika kiwele kwa mkono wenye joto, hutaki ashtuke. Basi kila asubuhi mama akikamua niliiwasha kwodi na kuiacha ingurume chini kwa chini pale uwanjani. Sikuipandisha popote. Sikuiwekea hata gunia tupu. Niliifuta matope. Niliuweka mkono kwenye tangi nikisikiliza kila mdundo, nikitafuta kasoro. Jirani mmoja alipita akaniambia, "Hivyo ndivyo, usiiharakishe." Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza hofu yangu ilikuwa imepata kazi inayosifiwa.

Wingu lilikuwa likitua kila alasiri upande wa Kericho. Mama alikuwa bado anabeba mgongoni. "Bado?" aliniuliza kila akishusha gunia. "Bado kidogo," nilimjibu. Na nyuma ya kwodi, asubuhi moja, nikaona uzi mwembamba wa buluu.

Nilijiambia ni mvuke. Kesho yake uzi ulikuwa kamba.

Siku hiyo sikula. Niliketi mbele ya injini nikiwa na hakika kwamba kila mtu aliyewahi kunicheka alikuwa sahihi, na kwamba mama atayaona majembe yakishuka mtoni kwa sababu alimwamini mtoto wake. Mama aliniletea chai. Aliutazama moshi, akanitazama mimi.

"Imekufa?"

"Sijui."

"Basi ifungue ujue," alisema, kana kwamba ni sufuria ya mboga.

Nikaifungua. Ndani ya silinda palikuwa pameng'aa kama kioo. Mikwaruzo ya fundi wa Litein haikuwepo tena. Na hapo nikaikumbuka sentensi niliyokuwa nimeisoma kabla hata sijakaza bolti ya kwanza: kwamba ringi mpya zinataka kazi nzito mapema, msukumo wa mlima na mzigo, ndipo zinajibana kwenye ukuta wa silinda. Ukiiacha injini kama hii ingurume bure, ukuta unang'arishwa tu na ringi hazishiki kamwe. Nilikuwa nimeisoma. Niliiruka kwa sababu iliniogopesha. Nilitafuta kurasa zinazosema polepole, nikazishika hizo.

Niliona aibu, kisha aibu ikageuka kuwa hasira, na hasira ile ilinisaidia kuliko uangalifu wangu wote. Niliikasirikia huruma yenyewe. Nilikuwa nimeibembeleza injini ikazembea, huku mama, ambaye ndiye aliyestahili huruma, akipanda mlima na gunia.

Nilichukua msasa na mafuta ya taa, nikaikwaruza silinda kwa mkono, nikizungusha huku nikipandisha na kushusha, mpaka mikwaruzo ikapishana tena. Gasketi mpya, ile ya kuziba maungio ya injini, nilikuwa nayo, kwa sababu mimi hununua kila kitu viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha kuogopea. Niliiunda upya bila kulegeza hata bolti moja niliyokwisha kuikaza. Moja ilikuwa imechubuka kichwa. Niliiona, nikaiacha.

"Sasa inataka nini?" mama aliuliza.

"Mzigo. Mzito, na mlima, leo hii kabla haijazoea vibaya. Lakini si majani. Ikitema oili siku ya kwanza, karani atayarudisha."

"Mawe?"

"Mawe yatavunja kichanja."

Mama akatazama chini mtoni. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na mto ulionekana, na kando yake ile mistari ya kijivu, mirija iliyoshiba maji na udongo.

"Kuna mzigo hapo chini na si wetu," alisema.

Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Alikuwa tayari anavaa gambuti.

Tulishuka. Aliipakia miche akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ili asisimame sana, nami nikapanga. Mirija ya udongo wenye maji ina uzito usioutarajia, na springi za nyuma zilikaa chini. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye jiwe, nikageuza, nikaielekeza pua juu. Kutoka pale huoni kilele. Unaona chai, na juu ya chai, wingu.

Nikaongeza mafuta. Injini ilinguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuiruhusu, na nyuma yangu moshi ukajaa njia nzima. Kila kitu ndani yangu kikaniambia niachilie. Kiganja kililegea chenyewe, na kwodi ikaanza kupunguza mwendo.

Kutoka chini nikamsikia mama. "Usiilegeze. Si ulisema inataka kazi? Ipe kazi."

Nikafungua mafuta mpaka mwisho wa mkono. Ikapanda. Matope yaliruka yakapiga chai pande zote mbili, na kwodi niliyokuwa nimeifuta kwa kitambaa kila asubuhi ikafika juu ikiwa na rangi moja na barabara. Sikusimama uwanjani kwetu. Niliendelea mpaka kwenye lango la baba mdogo, nikaipanga miche yake kwenye nyasi vizuri, mstari ulionyooka, kwa sababu hata nikiwa na hasira siwezi kupanga kitu vibaya. Nikashuka kuchukua mingine.

Alitoka nilipokuwa naleta mzigo wa pili. Alikuwa na kikombe mkononi.

"Hii ni nini?"

"Miche yako, baba mdogo."

"Naona ni miche. Nauliza inafanya nini hapa."

"Inalainisha injini."

Alitaka kucheka na alitaka kukasirika, na vyote viwili vikabanana mdomoni. Aliiendea kwodi nyuma, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi lililokuwa bado moto, akakitoa haraka. Kidole kilikuwa na weusi unaong'aa, wenye mafuta. Akanionyesha.

"Bado inakula oili. Mvua ni wiki hii. Unajisumbua."

"Sijamaliza kubeba," nilimwambia.

Nikaendelea kubeba. Sikuhesabu safari, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Mvua ya kwanza ilitupata katikati ya mlima, ile ya kwetu inayokuja na mawe ya barafu kidogo na kuondoka kama imesahau kitu. Njia iliteleza. Nilipanda na mzigo magurudumu yakitafuta pa kushika, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimesikiliza kasoro. Nilikuwa nasikiliza mlima tu. Nilipogeuka pale juu kutazama nyuma, niliiona njia yote mpaka kwenye jiwe. Hakukuwa na moshi wa kuificha.

Mzigo wa mwisho mama alikuja nao, amekaa juu ya kichanja katikati ya miche, ameshika mti mmoja kama bendera. Baba mdogo alikuwa amesimama langoni chini ya mwavuli.

"Shemeji," mama alimwambia, "miche yako yote hii hapa. Ilikuwa imekosea shamba."

"Mimi niliona mguu wako."

"Mguu niliuona pia. Ni wangu." Alishuka polepole, akishikilia bega langu, na hakuyaficha maumivu. "Wewe una kilima kizima cha nyasi. Panda hapo. Blugamu itamea vizuri. Chai ya mtoni ni yangu, na nikishindwa kuibeba nitakuita mwenyewe kwa mdomo wangu."

Baba mdogo aliizunguka kwodi, akaingiza kidole kwenye bomba. Alikitoa, akakitazama, akakisugua na kidole gumba. Vumbi kavu, la kahawia, likapeperuka.

"Hm," alisema. Akampa mama mwavuli, akaanza kuisogeza miche yake mbali na maji yaliyokuwa yakishuka kutoka kwenye paa.

Wachumaji walirudi mtoni mvua iliposhika. Ilitubidi kwanza tuvunje na kutupa majani yale yaliyokomaa, kisha tungoje chai ichipue upya. Siku ya kwanza ya kupeleka, foleni ilikuwa ile ile na mchekeshaji wa githeri alikuwepo. Karani alifungua gunia, akachota kwa mikono miwili, akanusa. Akachota tena kutoka chini kabisa, mahali gunia linapokaa karibu na injini. Nilikaza kamba ya gunia la pili, nikailegeza, nikaikaza tena. Natamani kusema niliikaza mara moja tu.

"Inanuka nini?" mama akamuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Chai," karani alisema, akalitundika gunia kwenye mizani.

Bado narudi kuangalia mlango wa choo. Bado naijua ile bolti iliyochubuka, upande wa kushoto, na kila nikiipita jicho huiangukia. Lakini mtu akisimama kandokando ya njia yetu akiniona napanda kutoka mtoni na magunia, injini ikipiga kelele, aniambie nipunguze, nitaiua, mimi huwa namsalimia kwa kichwa tu. Mkono wa mafuta siulegezi.